Kizazi chenye umbo tofauti: cha kufanya kabla na baada ya kubeba mimba

Mi ni mkunga hapa Moshi. Wanakuja dada mimba imetoka mara ya tatu na mama mkwe ashaanza kusema karogwa. Hajarogwa jamani! Huenda kizazi chake ndo kina umbo tofauti. Kizazi kinatokana na mirija 2 inayoungana ukiwa bado tumboni kwa mama ako, halafu ukuta wa kati unayeyuka, ikikwama hapo unazaliwa nacho hivyo na hedhi unaweza kuona kama kawaida tu.

Hatua ya 1. Andika kila mimba: ilitoka na wiki ngapi, nani alizaliwa njiti, nani alitanguliza matako.

Hatua ya 2. Picha, na hapa ndo watu wanaumizwa. Eksirei ya kizazi yenye dawa inaonyesha ndani tu, ni kama umeingia nyumbani ukakuta ukuta katikati ya sebule, huwezi kujua kama paa juu liko sawa au limebonyea. Paa, yaani juu ya kizazi kwa nje, likiwa sawa ni ukuta wa ndani, likibonyea kizazi kina pembe mbili, na matibabu ni tofauti kabisa! Omba altrasaundi ya ukeni ya 3D (picha ya pande tatu), nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi utando wa kizazi ukiwa mnene, isipoeleweka basi MRI, kile kipimo cha sumaku. Figo nazo zipimwe maana wakati mwingine moja inakosekana.

Hatua ya 3. Usikimbilie kisu. Pembe mbili kwa kawaida haikatwi. Ukuta unakatwa kwa kamera inayopitishwa ukeni, ila utafiti wa 2021 wa wanawake 80 haukuona waliokatwa wanapata watoto zaidi, kwahiyo kaa na daktari bingwa, hospitali ya KCMC hapa Moshi au Mount Meru ya Arusha, muulize faida yako wewe ni ipi. Kipembe kidogo kilichojitenga pembeni ya kizazi, kikiwa na utando ndani, hicho kwa kawaida kinatolewa, mimba ikikaa humo kinaweza kupasuka na damu ikakuua.

Hatua ya 4. Umeshabeba? Altrasaundi mapema, wiki ya 6 au 7, tujue mimba imekaa wapi. Wiki ya 16 mpaka 24 shingo ya kizazi ipimwe urefu, chini ya milimita 25 ni fupi, daktari ataamua projesteroni (homoni ya kulinda mimba) au kuishona shingo. Tumbo likikaza kaza kabla ya wiki 37 usilale nalo, njoo, kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto ila inataka muda. Wiki ya 36 tunaangalia mtoto kakaaje, akitanguliza kichwa wengi wanazaa kawaida.

Umbo la kizazi liandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu. Na kama unakaa juu Rombo au Kibosho, kuanzia wiki ya 34 shuka ukae kwa ndugu mjini karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji, uchungu usikukute mlimani usiku unatafuta bodaboda.