Kabla hujang'oa gego likizoni, uliza habari ya mfupa

Mie wa Wete, nakaa Uingereza, na hii habari nliijua kwa kuumia. Mwaka ule nlikuja likizo, gego la chini likanianza usiku, asubuhi nkaingia klinik moja pale Unguja mjini, robo saa limeshatoka, pamba mdomoni, lipa, nenda kwa bi mkubwa ukanywe uji. Hakuna alietaja mfupa na mie skuuliza. Miaka miwili baadae nataka implanti, yaani jino la bandia linalokazwa ndani ya taya, daktari wa huku ananionesha eksirei ya 3D, taya upande ule limekonda kama ukuta ulolowa mvua, ikabidi nipandikizwe mfupa kwanza, na NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, kwa kawaida hailipii implanti ila uwe na sababu kubwa ya kitabibu, kwa hiyo yote mfukoni mwangu.

Mfupa unaoshika jino upo kwa ajili ya jino, likitoka tu unaanza kuliwa. Mwaka wa kwanza upana wa pale unaweza kupungua kama nusu nzima, na sehemu kubwa inakwenda miezi 3 ya mwanzo. Unaanza upande wa shavuni maana ukuta wake mwembamba, meno ya mbele mara nyingi haufiki hata milimita 1. Sasa implanti ni skrubu ya titani, kama hakuna mfupa utaikazia wapi?

Kinachofanywa kuuhifadhi mfupa ni hivi, siku ileile jino linatoka daktari anasafisha tundu, anajaza chembechembe za mfupa, anafunika na kiwambo chembamba, anashona. Alafu unasubiri miezi 3 mpaka 6 ndo skrubu iingie. Haizuii mfupa kupungua kabisa, tusidanganyane, inapunguza tu hasara. Na mwambie aling'oe taratibu, gego la mizizi mingi aligawe atoe mzizi mmoja mmoja, ule ukuta ukivunjika kazi inakuwa nyengine.

Swali letu sie sasa. Chembe hizo zipo za ng'ombe, za nguruwe, za binadamu aliechangia, na za kutengenezwa kiwandani. Kiwambo nacho vingi vinatoka kwa nguruwe, na hakuna atakaekwambia usipouliza. Mara ya pili nlipong'oa jino jengine, huku huku, nlimwambia daktari anisomee boksi, chembe ng'ombe, sawa, kiwambo nguruwe, nkamwambia hebu simama hapo hapo! Akaenda kabatini akarudi na cha ng'ombe, wala hakukasirika. Fatwa kamuulize shekhe wako, mie nakwambia uliza kabla hujapigwa ganzi, maana baadae mdomo wenyewe hausemi.

Ukitaka kufanya kule nyumbani Zanzibar piga simu klinik mapema uulize kama wanajaza tundu na vifaa vyao vinatoka kwa mnyama gani, na ufanye wiki ya mwanzo ya likizo sio ya mwisho, nyuzi hutolewa baina ya siku 7 na 14. Ramadhani iache ipite kama jino linasubirika. Ila ukivimba shavu na homa juu usisubiri kitu, ng'oa, roho kwanza.

Mwambie daktari kama una sukari, au unatumia vidonge au sindano za mifupa mepesi, hizi za mwisho wazee wetu wengi wanapewa huku na wanaona hazihusiani na jino, kumbe zinahusiana sana. Sigara iache, inachelewesha kupona.

Siku ya kwanza usiteme mate kwa nguvu, usisukutue, na dafu usinywe kwa mrija, ule mvuto unang'oa damu iloganda. Kesho yake ndo maji ya chumvi vuguvugu, taratibu. Shangazi yangu aliniletea urojo siku ya pili, na bajia zake na chipsi za muhogo juu, nkanywa rojo lenyewe likishapoa nkamrejeshea bakuli na vilobaki, kanuna mpaka leo. Ukiona chembe mbili tatu kama za sukari zimetoka ulimini usishtuke, kawaida, ila zikitoka nyingi na usaha au harufu rudi kwa daktari.

Na kabla hujapanda ndege omba eksirei zako na jina la kilichojazwa, piga picha ile lebo ya boksi. Mie yangu nnayo kwenye simu, washaniomba mara mbili.