Kutunza mshono wa kope baada ya upasuaji wa urembo

Mshono wa kope hupona haraka, kwa sababu damu hufika hapo kwa wingi. Kinachouharibu mara nyingi ni vidole, pamoja na magamba ya damu yaliyoachwa yakaukie juu ya uzi. Gamba likishika uzi, kila unapopepesa jicho linavuta ngozi, na ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini. Hapo mstari uliopaswa kufichika ndani ya mkunjo wa kope unatoka na meno kama msumeno. Wiki ya kwanza kazi yako ni hii: mshono uwe safi, uwe na unyevu wa dawa, na usiguswe ila unapousafisha.

Kabla hujatoka hospitali, uliza umekatwa wapi na kwa uzi gani. Kope ya juu hukatwa kwenye mkunjo wake wa asili. Ya chini hukatwa chini kidogo ya nywele za kope, au kwa ndani, na aliyekatwa kwa ndani hana mshono wa nje wa kusafisha. Nyuzi za kutolewa kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Usikawize tarehe hiyo hata kama huumwi, maana uzi unaokaa mno huacha vitobo na vipele vyeupe kando ya mstari. Wa kuyeyuka, ncha yake ikikuchoma, usiivute, daktari ataikata.

Saa 48 za kwanza ni za barafu: dakika 10 hadi 15 kila saa ukiwa macho. Vunja barafu vipande vidogo, au tumia njegere za kwenye friji, tia kwenye kifuko safi, kisha zungushia kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Kifurushi kilalie kope kwa wepesi, kisikandamize jicho. Barafu tupu isiguse ngozi kabisa: kope bado ina ganzi, itaungua kwa baridi bila wewe kuhisi. Uvimbe huwa mkubwa zaidi siku ya 2 na ya 3, na jicho moja laweza kuvimba kuliko jingine. Lala chali, kichwa juu ya mito miwili au mitatu, kwa wiki nzima. Ukilala bapa, utaamka macho yamefumba kwa uvimbe.

Kusafisha fanya mara 2 au 3 kwa siku. Kwa wakazi wa Mwanza, maji ya Ziwa Victoria hayafai hata yakionekana meupe, na ya bomba yachemshe kwanza. Lililo bora ni salaini, yaani maji safi ya chumvi, ya duka la dawa. Ukikosa, chemsha nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, funika yapoe, na yakibaki yamwage kesho yake. Nawa mikono kwa sabuni, chini ya kucha pia. Lowesha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), iweke juu ya mshono dakika 2 au 3 mpaka gamba lilainike, kisha pitisha mara moja kutoka upande wa pua kwenda nje. Kila jicho na gozi yake. Pamba ya kawaida huacha nyuzinyuzi zinazonasa kwenye mshono, kwa hiyo iache. Gamba lililogoma liache pia, litatoka kesho.

Kisha paka dawa ya mafuta uliyoandikiwa, kidogo tu, kama punje ya mchele kwa kila mshono, kwa kijiti cha pamba kipya. Hapa watu hukosea sana dukani. Tetrasaiklini ya macho ni ya asilimia 1. Ya ngozi ni ya asilimia 3, na haifai kuingia jichoni. Soma tyubu mwenyewe. Kataa pia dawa ya macho yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kama hukuandikiwa: hupunguza kasi ya kupona na yaweza kupandisha presha ya jicho. Asali, mshubiri na krimu za kung'arisha ngozi visikaribie mshono.

Maumivu yatulize kwa paracetamol: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza damu kuvuja. Lakini kama unatumia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache wala kuirudia bila kumwuliza daktari wako.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuinama. Kudeki kwa kuinama, kufua kwenye beseni, kupuliza jiko la mkaa, kuinamisha kichwa saluni usukwe: yote hupeleka damu usoni na mshono huanza kuvuja. Kwa wiki 2 mwachie mtu mwingine kazi hizo, na usinyanyue ndoo ya lita 20. Anayeswali aswali akiwa ameketi kwenye kiti. Vaa nguo za vifungo, si za kupitishia kichwani.

Nje, vaa miwani ya jua pana. Mwanza jua linachoma mara mbili, kutoka juu na kwa mng'ao wa ziwa, na kovu changa kwenye ngozi nyeusi huweka weusi upesi. Epuka bodaboda kwa wiki 2, vumbi la dagaa kule soko la samaki la Mwaloni, na ufukwe jioni wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi. Kuogelea ziwani subiri angalau wiki 4.

Siku ya kwanza, kila baada ya saa chache ziba jicho moja, soma maandishi ya simu kwa jingine, kisha badilisha. Ukungu wa dawa huondoka ukipepesa. Lakini kope ikivimba ghafla na kuwa ngumu, jicho likasukumwa nje, likauma vikali au uono ukafifia, hiyo ni damu inayojaa nyuma ya jicho. Nenda dharura saa hiyohiyo, kwa mfano hospitali ya Bugando, usisubiri kukuche. Ndiyo maana mtu wa visiwani, Ukerewe au Kome, hapaswi kuvuka ziwa siku ya upasuaji; alale mjini walau siku 2.

Maambukizi huja baadaye. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto la kope kwa mgongo wa kiganja ukilinganisha na shavu. Joto, usaha, homa, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya 3 ni vya kumwona daktari siku hiyo.

Nyuzi zikishatolewa, usifikiche. Kidonda cha wiki moja hakijafikia hata sehemu ya kumi ya nguvu ya ngozi nzima, na kikiachia, weka gozi yenye salaini urudi kwa aliyekushona. Lenzi za machoni na vipodozi vingoje wiki 2. Wanja la zamani litupe, nunua jipya, na ulitoe jioni kwa kufuta taratibu bila kuvuta kope.