Jinsi ya kuandaa kumbukizi ya mtafiti wa pombe

Nilipopewa kazi ya kuandaa kumbukizi ya E. M. Jellinek, nilianza na tarehe. Alizaliwa New York mwaka 1890, akafanya utafiti Chuo Kikuu cha Yale, akawa mshauri wa Shirika la Afya Duniani, akafariki mwaka 1963. Nikamsomea shangazi, ambaye aliacha pombe miaka mingi iliyopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyu bwana alinisaidia nini mimi?"

Anza na swali hilo. Tarehe zitajipachika zenyewe baadaye.

Kulijibu kunataka usome kazi zake mwenyewe, si sifa alizoandikiwa na wengine. Usiseme Jellinek ndiye wa kwanza kuuita ulevi ugonjwa. Daktari Benjamin Rush wa Marekani alishalisema hilo mwishoni mwa karne ya 18. Jellinek alilikusanyia wazo hilo ushahidi, akalipanga, akaliwekea mipaka. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alitaja aina tano za ulevi, akazipa herufi za Kigiriki kuanzia alfa hadi epsiloni, na hakuziita zote ugonjwa. Wengi humsifu kwa kusema "ulevi ni ugonjwa" na kuishia hapo. Huko ni kumpunguzia heshima, maana alikuwa makini kuliko sifa hiyo.

Kasoro za kazi yake zitaje, tena katikati ya hotuba, watu wakiwa bado wanasikiliza. Makala yake ya mwaka 1946 kuhusu hatua za ulevi ilitokana na dodoso lililoandaliwa na wanachama wa Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, na kuchapishwa katika jarida lao. Alichambua majibu ya watu 98, wote wanaume. Majibu ya wanawake yalikuwepo, lakini machache na tofauti, akayaweka kando. Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mimi simo." Niliiandika sentensi hiyo kwenye hotuba kama alivyoitamka, kwa ruhusa yake. Jellinek mwenyewe alikiri kuwa data zile zilikuwa na upungufu, kwa hiyo kuusema si kumvunjia heshima.

Kagua picha pia. Nilikuwa nimeshachapisha bango lenye ule mchoro wa mteremko wa ulevi na mpando wa kupona unaoitwa kwa jina lake. Mzee mmoja akanisahihisha: upande wa kupona uliongezwa na daktari Max Glatt, Uingereza, miaka ya 1950. Nililichapisha upya, na jina la Glatt likaandikwa chini ya mchoro.

Lugha inataka uangalifu wa pekee. Neno "mlevi" kwetu ni tusi kabla hata halijawa maelezo. Ukiwa unasimulia enzi zile, litumie kwa uwazi kwamba ndivyo watu walivyosema. Ukizungumzia walio hai, sema mtu mwenye uraibu wa pombe, au mtu aliyeacha pombe. Hotuba yangu niliipitia mara tatu kwa ajili ya jambo hili tu.

Vinywaji vyote viwe bila kileo, hata kile cha kugonganisha glasi. Waalikwa wengine wamepigania miaka mingi wasikae karibu na chupa. Picha za hadhira zisipigwe bila idhini, na asiyetaka jina lake litajwe asiulizwe sababu.

Mwisho, miongoni mwa wasemaji awepo mtu aliyeacha pombe, na asiwekwe mwishoni kama pambo. Mweleze mada, mpe dakika kumi, usimwandikie maneno. Shangazi alizungumza baada ya sehemu ya wale wanaume 98. Alitumia dakika nne, akaeleza dodoso lingemuuliza nini kama lingetungwa na wanawake.