Bastola kwenye nyumba yenye watoto: kuitoa risasi, kuifungia, na ikifyatuka

Desemba ikifika, nyumba za Rombo, Marangu na Machame zinajaa. Gari limeingia usiku kutoka Dar, mabegi yamerundikwa chumbani kwa bibi, watoto wamepangwa kwenye magodoro sebuleni, na mmoja wa baba zao ana bastola yenye leseni kiunoni. Nyumbani kwake kuna sefu; hapa hakuna. Basi anaisukumia juu ya kabati, au ndani ya begi katikati ya nguo. Asubuhi wajukuu wanatafuta chaja ya simu.

Sababu ya kumiliki silaha ndiyo inayoamua namna inavyotunzwa. Ya uwindaji hufungiwa tupu mpaka siku ya safari. Ya ulinzi mwenyewe anaitaka karibu, na anaitaka ikiwa na risasi. Marekani, ambako mwaka 2017 raia walikadiriwa kuwa na bunduki milioni 393, utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023 uliwakuta wamiliki 72 katika kila 100 wakitaja ulinzi kuwa sababu kubwa, na watu karibu 500 hufa huko kila mwaka kwa risasi ambazo hakuna aliyekusudia kuzifyatua. Kwetu silaha za raia ni chache mno, lakini mfanyabiashara wa madini wa Arusha au mwenye duka la jumla Moshi mjini naye haombi leseni ili akawinde swala.

Kuitoa risasi

Tafuta kwanza mahali pa kuelekeza mdomo wa bastola. Sakafu ya zege haifai, kwa sababu risasi hudunda. Dari na kuta za mbao hazifai, inapita. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu hadi juu inatosha kwa bastola. Elekeza mdomo katikati ya mchanga, wima. Raifo ya kuwindia risasi yake haizuiwi na ndoo, hiyo ipeleke nje kwenye ukingo mnene wa udongo. Watoto wote watoke chumbani, na kidole kilale ubavuni mwa bastola, nje ya triga, kwa muda wote.

Kisha bonyeza kitufe cha kuachia magazini, yaani kasha la risasi lililo ndani ya mpini, ichomoe, uiweke mbali na mkono. Vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma kwa nguvu mara tatu. Risasi iliyokuwa kwenye chemba, tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, itaruka nje. Iache ianguke, usiidake. Mwisho ifunge slaidi ikiwa nyuma, mulika chemba kwa tochi ya simu, angalia, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uhisi tundu. Macho ya usiku hudanganya, ndiyo maana ya kidole.

Mpangilio huo haugeuzwi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja inaruka, unaiona kwa macho yako, unaridhika. Lakini slaidi ikirudi mbele inasukuma nyingine chemba. Ukichomoa magazini sasa, unashika bastola unayoamini ni tupu na ndani ina risasi moja. Bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Zaidi ya hayo, baadhi, Glock ikiwemo, hudai uvute triga kabla ya kuifungua kwa usafi, kwa hiyo kosa la hapo juu linajitokeza mezani, kitambaa na mafuta yakiwa mkononi.

Hesabu risasi. Kama uliingiza nane, zitoke nane. Saba maana yake kazi haijaisha.

Shotigani za walinzi wa getini zina ugonjwa wao. Mlinzi wa usiku huisimamisha kitako chini, mdomo ukiwa chini ya kidevu chake, akasinzia hapo. Bunduki ya aina hiyo ikiwa imekokiwa, risasi ikiwa chemba, inaweza kufyatuka kwa kuanguka tu au kugongwa. Chemba ibaki tupu, risasi zikae kwenye bomba chini ya mtutu. Kukoki hakuchukui hata sekunde mbili. Wakati wa kukabidhiana zamu ifunguliwe na wote wawili waangalie.

Gobole la babu lililobaki darini usijaribu kulitoa risasi mwenyewe. Baruti inaweza kuwa imo tangu enzi zake, na hakuna chemba ya kuchungulia. Usilibebe kulipeleka kituoni pia. Fungia chumba, waite polisi walichukue.

Kuifungia

Sefu ndogo ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba, mwizi ataondoka nayo ikiwa nzima. Ifunge ukutani kwa bolti nne kutoka ndani, kwenye ukuta wa tofali lisilo na uwazi. Risasi zikae kwenye kasha jingine lenye ufunguo wake. Funguo zisikae juu ya kabati wala mfuko wa koti la kanisani, watoto wanazijua sehemu hizo kuliko wewe. Na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba. Usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi, hasa huko juu mlimani: ngozi hunyonya unyevu na chuma hupata kutu.

Kwa safari, nunua kasha dogo la chuma lenye waya wa kulifunga kwenye nguzo ya kitanda au chuma cha chini ya kiti cha gari. Kwa mtoto wa miaka mitano, triga si ngumu: huigeuza bastola, akabana kwa vidole gumba viwili, mdomo ukimtazama yeye mwenyewe.

Kabla ya kibuyu cha kwanza cha mbege, iwe imeshafungiwa. Kumpa shemeji asiyekunywa akushikie si suluhisho. Leseni ina jina lako, si lake.

Ikitokea

Kandamiza jeraha kwa kanga safi iliyokunjwa, kwa viganja viwili na uzito wa mwili. Ikilowa ongeza nyingine juu, usiitoe ya kwanza. Damu ya mkono au mguu isipokoma, funga kitambaa kipana, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, si kwenye goti wala kiwiko, kaza kwa kijiti mpaka ikome, na andika saa. Usilegeze njiani.

Nenda moja kwa moja hospitali kubwa iliyo karibu, KCMC au Mount Meru. Mtu mwingine aende kituoni kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Anayebaki nyumbani aiache silaha pale ilipoangukia, afunge mlango wa chumba na asimame nje mpaka polisi wafike.