Kumtafuta ndugu aliyehama Ugogo zamani kwa kumbukumbu za bure za mtandaoni

Familia nyingi za Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni zina jina moja linalotajwa kwenye misiba na harusi bila mtu kujua mwenyewe aliishia wapi: babu mdogo aliyeingia jeshini, shangazi aliyefuatana na wamisionari hadi Mombasa, baba mkubwa aliyekwenda kusoma ng'ambo akaacha kuandika barua. Baadhi yao wanapatikana. Nyaraka nyingi zilizowataja zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na sehemu kubwa ya zile muhimu husomwa bila kulipa senti.

Kinachowakwamisha watafutaji ni kuanza na jina. Wanaliandika kama linavyotamkwa nyumbani, hawapati kitu, wanaacha. Jina ndilo dhaifu kuliko yote uliyonayo. Anza na njia aliyoondokea, kwa sababu mtu wa zamani aliandikwa na yule aliyemlipa mshahara, aliyempakia melini, aliyembatiza au aliyemzika. Ukijua nani alikuwa na sababu ya kumwandika, utajua pa kutafuta.

Kabla ya kuwasha data

Kaa na wazee, mmoja mmoja, si wote kwa pamoja. Wakiwa pamoja mkubwa husema na wengine huitikia. Andika majina yake yote: la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, la baba yake, la babu yake, ukoo na muzilo (mwiko) wa ukoo. Andika majina ya ndugu zake na ya rika aliloondoka nalo, maana mara nyingi utampata mwenzake kabla yake. Kisha omba kuona vitu. Nyuma ya picha ya zamani hukaa muhuri wa studio na mji. Bahasha ina stempu na tarehe ya posta. Medali ya Kiingereza ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida imechongwa ukingoni namba ya askari, jina na kikosi. Ipige picha kwa mwanga wa pembeni ili maandishi yaonekane.

Miaka wazee watakupa kwa matukio, nawe uibadilishe. Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910. Vita Kuu ya Kwanza ni 1914 hadi 1918. Njaa ya Mtunya ni 1917 hadi 1920. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 na kufa 1951. Operesheni Dodoma, iliyowahamishia watu vijijini, ni 1971. Mtu "aliyekuwa anachunga mbuzi wakati wa Mtunya" huenda alizaliwa kati ya 1905 na 1913. Tafuta kwa miaka yote hiyo, usichague mmoja. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa kuwa Ugogo umepita njaa nyingi na jina la moja huhamia kwa nyingine. Uliza kila mara: kabla ya njaa hiyo kulitokea nini, na baada yake nini?

Operesheni Dodoma ina maana nyingine kwako. Kijiji unachokiita nyumbani leo huenda hakikuwepo pale alipoondoka. Uliza mahame yalikuwa wapi, mlima gani, mto gani, chini ya mtemi yupi. Karatasi za kikoloni ziliwapanga watu kwa wilaya na kwa mtemi, hivyo jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi linaweza kukufaa kuliko jina la kitongoji.

Tahajia: fanya orodha kabla ya kutafuta

Chukua mfano wa jina Chilongani. Maandishi ya Kigogo ya kimisheni yangeweza kuliandika Cilongani. Mjerumani angeandika Tschilongani. Karani wa pwani, aliyezoea ki- ya Kiswahili, angeandika Kilongani. Mwingereza angeweza kuandika Chelongani au Shilongani. Kwa majina yenye l, jaribu pia r. Kwa Kijerumani kumbuka kwamba j ya kwetu huwa dsch, sh huwa sch, y huwa j, na v huwa w. Magazeti na vitabu vyao vya wakati ule vilichapwa kwa herufi za kizamani ambamo s ndefu hufanana na f. Kompyuta ikisoma kurasa hizo huitoa Msagala kama Mfagala. Jina lenye s lijaribu na f kabla ya kukata tamaa.

Mahali nako hubadilika. Mpwapwa huandikwa Mpapua na Mpapwa, Kondoa huwa Kondoa-Irangi. Nchi yenyewe ni Deutsch-Ostafrika hadi Vita ya Kwanza, Tanganyika Territory tangu 1920 hadi Uhuru wa 1961, kisha Tanganyika, na Tanzania tangu 1964. Wapo waliozaliwa Ugogo wakaandikwa "Zanzibar" kwa sababu ndiko walikopandia meli, au "Kenya" kwa sababu karani hakujali.

Mpangilio wa majina ndio mtego mkubwa. Kwetu mtu ana jina lake na la baba yake. Ng'ambo walilazimisha jina la ukoo. Yohana Chilongani anaweza kuwa John Chilongani, au C. Yohana ikiwa karani aligeuza. Ndugu wawili wa baba mmoja huweza kupewa majina mawili tofauti ya ukoo. Kwa Waislamu, Juma bin Ali mara nyingi huingizwa kwenye faharasa chini ya B, jina la ukoo likiwa "Bin" au "Bin Ali". Kwa mwanamke jaribu "Binti". Ni jambo dogo lakini limeficha watu wengi mno.

Aliyekwenda vitani

Hii ndiyo njia yenye matunda zaidi kwa Tanzania ya kati. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina hifadhidata ya bure isiyohitaji akaunti. Usianze na kisanduku cha jina. Fungua utafutaji wa kina, nenda kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, andika Dodoma, kisha Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, Kongwa, kila moja peke yake. Sehemu hiyo ndiyo inayobeba, kwa baadhi ya askari, jina la baba au mke na mahali pa nyumbani. Kisha chuja kwa kikosi: King's African Rifles, na pia East African Military Labour Service, maana wengi walikuwa vibarua wa jeshi na familia huwakumbuka kama askari.

Waafrika Mashariki walipigana Burma 1944. Majina ya wasio na kaburi linalojulikana yako kwenye mnara wa Rangoon Memorial ndani ya makaburi ya Taukkyan, Myanmar. Kama simulizi inasema alizama baharini, angalia East Africa Memorial ya Nairobi. Meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na askari wengi wa Afrika Mashariki.

Kwa wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 tegemea machache, na sababu ni ya kuumiza. Ripoti ya CWGC yenyewe, ya 2021, ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kumkosa mpagazi kwenye hifadhidata hakuthibitishi kwamba hakuwepo. Simulizi ya mzee wako ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Irekodi kwa simu, taja tarehe na jina la msimulizi, ihifadhi zaidi ya mahali pamoja.

Aliyerudi hai na nishani ya ushujaa hutafutwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, nalo la bure. Andika namba yake ya jeshi. Namba haina tahajia mbili.

Aliyepelekwa pwani, Zanzibar au Arabuni

Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara ya kwenda Bagamoyo, na wengi waliopita hapo hawakuwa na hiari. Kwa waliovushwa hadi Ghuba, fungua Qatar Digital Library. Ni bure, na ndani yake kuna mafaili ya ofisi za Waingereza, mfululizo wa IOR/R/15/1, yenye maelezo ya watu walioomba hati za uhuru, hasa miaka ya 1920 na 1930. Maelezo mengi hutaja jina, umri wa kukadiria, mahali pa kuzaliwa na namna mtu alivyochukuliwa. Tafuta kwa "manumission" pamoja na "Zanzibar", "Swahili" au "Sawahil". Kabila mara nyingi halikuandikwa. Wengine kwenye mafaili hayo ni Wabaluchi na Wahabeshi, kwa hiyo soma maelezo yote kabla ya kufurahi.

Waliokombolewa na kukaa Frere Town, Mombasa, waliangukia mikononi mwa misheni ya Kianglikana ya CMS, ile ile iliyofungua kituo cha Mpwapwa. Majarida yake ya kale yako Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bila malipo. Ndani ya kila juzuu kuna kisanduku cha kutafuta neno. Andika jina la kituo, si la mtu.

Aliyehamia Kenya

Gazeti rasmi la serikali ya Kenya limo Google Books, matoleo mengi yakisomeka mazima. Matangazo ya mirathi hutaja marehemu, mahali alipofia na mwombaji, na matangazo ya kubadili jina ni ya thamani kubwa kwa sababu huweka jina la zamani na jipya kwenye mstari mmoja.

Aliyefika Uingereza au Marekani

Kwa Uingereza anza na orodha ya Hifadhi ya Taifa iitwayo Discovery. Kutafuta ni bure hata pale ambapo nakala huuzwa. Mfululizo HO 334 ni vyeti vya uraia. Orodha za abiria walioingia kwa meli, BT 26, ni za 1878 hadi 1960. Kama alikuwa baharia, kuna orodha za mabaharia za mwaka 1915, bure kabisa, zenye umri na mahali pa kuzaliwa. Ndoa, vizazi na vifo vya Uingereza na Wales vitafute kwenye tovuti ya bure ya FreeBMD. Kuanzia robo ya tatu ya 1911 faharasa ya vizazi inaonyesha jina la ukoo la mama, hivyo unaweza kukusanya watoto wote wa jozi moja ya majina katika wilaya moja.

Kwa Marekani, meli zilizoingia New York hadi 1957 zimo kwenye hifadhidata ya Ellis Island, na sensa ya 1950 ilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Aprili 2022, yenye majina. Ya 1960 bado imefungwa, itasubiri 2032. Wanafunzi waliokwenda 1959 hadi 1963 kwa ndege hawamo kwenye orodha za meli. Hao watafute kwenye vitabu vya picha vya mwaka vya vyuo, ambavyo vingi vimo Internet Archive.

Kondoa wana kisa chao. Wakimbizi wa Kipolandi walikaa kambini hapo miaka ya 1940, na wajukuu wao sasa huulizia habari zao. Baadhi ya Wapolandi wa Afrika Mashariki walihamia Australia. Meli General Langfitt iliwashusha Fremantle Februari 1950. RecordSearch ya Hifadhi ya Taifa ya Australia ni ya bure.

FamilySearch, na namna ya kuitumia bila kupotea

Ni tovuti ya bure ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Unahitaji akaunti tu, hulazimiki kuwa muumini. Tumia nyota badala ya herufi usizojua na alama ya kuuliza kwa herufi moja: *ilongani itakamata Chilongani, Kilongani na Tschilongani kwa mkupuo. Weka miaka kwa upana wa kumi kila upande. Jaza visanduku vichache, maana kila kisanduku cha ziada ni sababu nyingine ya kumkosa. Kisha jaribu utafutaji wa maandishi kamili, unaosoma hata mwandiko wa mkono ambao haujaorodheshwa na mtu. Picha yenye alama ya ufunguo haifunguki nyumbani. Husomwa kwenye vituo vyao.

Usitafute majina kwenye sensa za Tanganyika. Zilizochapishwa ni jumla ya watu tu. Vitabu vya ubatizo vya Mvumi, Kilimatinde, Bihawana au Haubi viulizie parokiani kwa barua ya adabu, ukitaja mwaka na jina la baba.

Kabla ya kusema "ndiye"

Dai vitu vitatu vinavyokubaliana: jina au tahajia yake inayowezekana, umri usiopishana zaidi ya miaka mitano, na mahali au jamaa. Viwili havitoshi, hata moyo ukitaka. Tarehe za Kimarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 3/7/1958 ni tarehe 7 Machi. Hifadhi picha ya ukurasa mzima, pamoja na namba ya faili. Andika daftarini hata pale ulipokosa: tovuti, tahajia, miaka. Bila hivyo utarudia kazi ile ile mwezi ujao na kumaliza bando bure.

Mti wa FamilySearch ni wa pamoja. Mtu yeyote anaweza kubadili taarifa za marehemu uliyemwingiza. Weka nakala yako pembeni, na usiandike habari za walio hai mahali pa wazi.

Ukipata wajukuu wake, barua ya kwanza iwe fupi. Taja jina la babu, kijiji, mwaka aliokadiriwa kuondoka, na jina la ndugu yake mmoja. Ambatisha picha moja ya zamani. Usiulize mali, usiombe nauli, usimwingize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hajajibu. Mpe mwezi mmoja au miwili. Asipojibu, mwandikie ndugu yake mwingine kwa maneno yale yale.