Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuileta Lamu Mashine Kubwa ya Mifarishi Iliyokwisha Kutumika

Anayenunua mashine ya kushonea mifarishi, yaani matandiko ya tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, jijini Nairobi na kukusudia kuipeleka kisiwani Lamu aanze hesabu yake mlangoni mwa nyumba itakamowekwa, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa muuzaji. Wengi huanza kwa kutafuta lori, ilhali lori ndilo jepesi katika safari hii. Barabara huishia Mokowe, upande wa bara, na kutoka hapo mzigo huvushwa kwa boti, kisha hupita katika vichochoro vya mji wa kale, ambavyo vingi havina nafasi ya gari, mabegani mwa mahamali, kwa mkokoteni au juu ya punda. Kipande kisichoweza kukata kona ya kichochoro hakitafika, hata kikiwa kimesafiri salama kilomita zote za kabla yake.

Mashine tunayoizungumzia si cherehani ya mezani. Ina kichwa chenye mkono mrefu, ambacho mara nyingi huwa na uzito wa kilo 20 au zaidi, nacho huteleza kwa magurudumu madogo juu ya reli za fremu inayoweza kufika futi 10, 12 au hata 14, yaani zaidi ya mita 4. Kwa hiyo pima upana wa mlango, kona ya ukumbi, ngazi na chumba chenyewe. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Urefu huo unaifaa fremu. Wembamba ndio wa kuchunguzwa, kwa sababu mshonaji huhitaji kusimama mbele ya mashine na pia kufika nyuma yake. Mimi ningependelea chumba cha chini hata kama cha juu kina mwanga zaidi, kwani ngazi za nyumba za zamani ni za wima na sakafu za ghorofani si sawa wakati wote.

Muulize muuzaji kama reli na mirija ya kuzungushia kitambaa ni kipande kimoja au ni vipande vinavyoungwa. Jibu la swali hili moja huamua aina ya gari, aina ya boti na idadi ya wachukuzi. Reli ya kipande kimoja isikatwe kwa hali yoyote ili ipite mlangoni, kwa kuwa kichwa huruka kidogo kila kinapovuka kiungo kisicholingana, na mruko huo huonekana katika mshono.

Kabla ya kulipa, iangalie mashine ikishona mbele ya macho yako, tena juu ya tabaka tatu kamili za kitambaa, pamba na kitambaa cha chini. Soma pia kibao cha umeme kilichobandikwa kwenye mwili wake. Mashine nyingi za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120 na hezi 60, wakati wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo ni lazima fundi wa umeme akione kibao hicho, au picha yake, kabla mashine haijachomekwa popote huku pwani.

Kazi ya kuifungua ndiyo inayohitaji subira kubwa kuliko zote. Piga picha kila upande mashine ikiwa bado imesimama, kisha piga tena kila unapotoa sehemu moja. Funga karatasi yenye namba kwenye kila waya na kwenye tundu lake, na skrubu za kila kiungo zitie katika mfuko wake wenye maandishi. Nilipoileta ya kwangu, niliziweka skrubu zote katika kopo moja, na siku nne zikapita huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, nikijaribisha moja baada ya nyingine. Mbili fupi nilizozilazimisha mahali pa ndefu ziliharibu nyuzi za skrubu ndani ya mashimo ya alumini, na alama zake zipo mpaka leo.

Kichwa kisafiri kimesimama wima, ndani ya sanduku la mbao, kikiwa kimeshikiliwa kwa sponji ngumu pande zote. Toa sindano, bobini, mpini wa kushikia, mlingoti wa nyuzi na vitambuzi vidogo vinavyopima mwendo wa magurudumu, kwa kuwa hivi huvunjika kwa kugongwa kidogo tu. Uzito wake usilale juu ya magurudumu, wala asiruhusiwe mtu kukibeba kwa kushika sehemu za sindano. Sehemu za chuma zipakwe mafuta kidogo ya cherehani kabla ya kufungwa, na ndani ya nailoni viwekwe vifuko vya kunyonya unyevu, maana nailoni iliyofungwa bila vifuko hivyo hutoa jasho joto linapobadilika na kutu huanzia humo humo.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, kisha kilomita 120 hivi hadi Malindi, na zaidi ya 200 nyingine kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe. Epuka masika, hasa Aprili na Mei, kwani maji ya mto Tana yakifurika barabara ya Garsen huweza kukatika na mzigo ukalala njiani. Ni vyema dereva aondoke Malindi alfajiri ili afike mchana, akiwa na risiti ya mauzo ya kuonyesha kwenye vizuizi vya polisi.

Boti ipangwe kwa kufuata maji, si kwa kufuata saa ya lori. Maji yakipwa siku za bamvua, yaani yanapojaa na kupwa sana, chombo huwa chini sana ya gati, na kumteremshia nahodha sanduku la kilo 40 kwenye vidato vyenye utelezi ni hatari kwa watu na kwa mashine. Chagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, au ungoje maji yajae. Ingawa kisiwa cha Manda hukinga mkono huu wa bahari, miezi ya kusi, upepo utokao kusini, huleta rasharasha, hivyo turubai ifunike kila kitu hadi ukingoni. Patana na mahamali mapema kwa idadi ya vipande, na kipande kirefu zaidi kitangulie na watu wawili wanaozijua kona.

Fremu ikishasimama, isawazishwe kwa pima maji urefu wote kabla ya kichwa kuwekwa, kwani kichwa kikiachwa bila kushikwa juu ya reli iliyoinama huteleza chenyewe. Kisha zungusha gurudumu la kichwa kwa mkono, taratibu, mpaka sindano na ndoana ya chini zipitane bila kugusana, na ndipo umeme uwashwe.