Huyu amejuaje? Kupima habari kabla hujaiandika daftarini

Mitihani ikikaribia, meza yangu ya maktaba hapa Songea haikosi mwanafunzi. Juzi alikuja kijana wa kidato cha tatu, akaniamkia, kisha akanifungulia daftari kama mtu anayeonyesha kidonda. Mwalimu kawauliza: Vita vya Majimaji viliua watu wangapi? Kitabu kimoja kimemwambia 75,000. Simu imemwambia 300,000. Kijitabu cha maswali na majibu alichonunua stendi kimeandika "maelfu kwa maelfu", basi.

"Mama, kipi cha kweli?"

Hilo naulizwa karibu kila siku, na kila siku narudisha swali langu: huyu aliyeandika amejuaje? Alikuwepo? Alihesabu? Aliuliza waliokuwepo? Au amenakili kwa mwenzake? Ukishazoea kuuliza hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Tukaanza na hizo namba. Ile 75,000 ni makadirio ya Wajerumani wenyewe, baada ya vita vya 1905 hadi 1907. Ndio waliochoma mashamba na vihenge vya chakula ili njaa iwamalize waliobaki. Mtu wa namna hiyo akikuletea idadi ya maiti, ipokee, lakini kumbuka mkono ulioiandika. Ile 300,000 inatokana na kazi ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Kitanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanahistoria na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kuwasikiliza wazee, wengine wakiwa wameviona vita hivyo kwa macho yao, na Gwassa alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Hesabu yake ni kati ya 250,000 na 300,000, na humo wamo waliokufa kwa njaa. Simu ilimkatia kijana kipande cha mbele ikamwachia cha nyuma.

Kwa hiyo namba mbili zikigombana usikimbilie kusema mmoja ni mwongo. Tazama kila mmoja amemhesabu nani. Hata hapa mjini utasikia mashujaa walionyongwa Februari 1906 ni 67, mwingine akakwambia 66. Nenda makumbusho ya Majimaji ukaone: lipo kaburi la halaiki, na lipo kaburi la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni, peke yake, pembeni. Ukimhesabu au ukimwacha, ndipo namba inapotofautiana.

Sasa kitabu. Watu wakiona jalada gumu wanakuwa wapole, kana kwamba kilichopigwa chapa hakikosei. Kabla hujasoma sura ya kwanza, fungua nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Pale pana mchapishaji, mji na miaka. Tofautisha toleo na chapa. Chapa mpya ni kitabu kilekile kimerudishwa mashineni. Toleo jipya ndilo ambalo mwandishi amerudi kurekebisha. Kitabu kilichoandikwa 1978 na kupigwa chapa ya nane 2015 bado ni cha 1978. Kisha ruka hadi mwisho utafute marejeleo. Kile kijitabu cha stendi hakina mchapishaji, hakina mwaka, mwandishi ameandikwa "Mwalimu Mzoefu". Sikumkataza kijana kukisoma. Nilimwambia asikinukuu.

Uzee wa kitabu peke yake si kosa. Rafu ya chini tunayo atlasi inayoonyesha Njombe ikiwa ndani ya mkoa wa Iringa, maana ilichapwa kabla ya 2012, mwaka ambao Njombe, Geita, Katavi na Simiyu zilifanywa mikoa. Kwa mito na milima naiamini mpaka kesho. Kwa mipaka ya mikoa, hapana. Vivyo hivyo ukikuta mahali Tanzania ina watu milioni 45, hujadanganywa, umepewa sensa ya 2012. Ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120.

Gazeti nalo lina vyumba vyake, kama nyumba. Habari ni chumba kimoja, tahariri ni kingine, makala ya maoni ni kingine, na tangazo la kulipiwa siku hizi linavaa nguo za habari likaketi sebuleni. Jua uko chumba gani. Halafu chukua penseli (kwenye gazeti lako, si la maktaba!) uzungushie kila "inadaiwa", "inasemekana" na "chanzo chetu". Ukimaliza, soma yaliyobaki bila duara. Mara nyingine hubaki jina la mji na siku ya wiki. Na ukiona chini ya picha pameandikwa "Picha: Maktaba", maana yake ni picha ya zamani waliyokuwa nayo, haikupigwa kwenye tukio hilo. Nasema hivi kwa sababu mama mmoja aliwahi kuja hapa kaunta na gazeti mkononi, anataka nimtolee nakala ya picha hiyo, kwa kuwa imeandikwa iko maktaba.

Kwenye intaneti ndiko vijana wanakoteleza, na utelezi mkubwa ni huu: "Mama, nimekuta tovuti tano zote zinasema hivyohivyo." Nikamwambia azifungue zote tano, achague sentensi moja ndefu, aisome katika kila moja. Neno kwa neno, mpaka mkato uliosahauliwa mahali palepale. Hao si mashahidi watano. Ni shahidi mmoja na wenzake wanne waliomsikia mlangoni. Mashahidi wawili wa kweli hutofautiana kidogo: mmoja ana jambo ambalo mwenzake hana. Wikipedia ya Kiswahili itumie, lakini shuka hadi tanbihi uone sentensi imetoka wapi, na ubonyeze historia ya ukurasa uone umebadilishwa lini. Sentensi isiyo na tanbihi ichukulie kama neno la abiria mwenzako kwenye basi.

Na hii akili unde (AI) ya kwenye simu, ukiiomba vitabu kuhusu jambo fulani itakupa orodha safi yenye waandishi na miaka. Wanafunzi wawili wameniletea orodha hiyo mwaka huu. Kila kimoja nilikitafuta kwenye katalogi yetu, kisha kwa jina la mwandishi, kisha kwa mchapishaji. Vingine vilikuwepo. Vingine havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Kitabu ambacho hujakishika wala kukiona kwenye katalogi, usikiweke kwenye marejeleo.

Nisijifanye mjuzi. Mimi huyu nilipeleka kwenye kundi la familia tangazo la ajira serikalini, lina nembo ya taifa na mhuri wa bluu. Mtoto wa kaka yangu akalipa shilingi 20,000 za "fomu" kwa namba ya simu yenye jina la mtu. Alipoona kimya akanipigia: "Shangazi, si wewe ndiye uliyetuma?" Sikuwa na jibu. Alama zote zilikuwepo: mishale miwili juu ya ujumbe, ambayo WhatsApp huweka kwa kitu kilichopita mikono mingi, tarehe ya mwisho kesho, ili usipate muda wa kuuliza, na anwani ambayo sikuisoma vizuri.

Anwani ya tovuti tazama mwisho wa jina, pale kabla ya alama ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. Tovuti ya ajira za serikali inaishia na go.tz, na mwisho huo hupewa taasisi za serikali tu. Ile ya kwangu ilikuwa na "go" na "tz" katikati, zimeunganishwa kwa vistari, lakini mwishoni palikuwa com. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Andika mwenyewe anwani ya ofisi uangalie kama tangazo liko huko. Picha ya kutisha nayo, ya mafuriko au ajali, ipandishe kwenye utafutaji wa picha wa Google. Ukiikuta kwenye habari ya miaka kadhaa nyuma, tena ya nchi nyingine, habari hiyo imekwisha.

Kijana wangu aliandika hivi: "Wajerumani walikadiria vifo 75,000, Gwassa, akijumlisha waliokufa kwa njaa, alikadiria 250,000 hadi 300,000." Akafunika daftari, akafika mlangoni, akarudi.

"Mama, na hao wa njaa, nani aliwahesabu?"

Hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja, nikamwambia. Ndiyo maana Gwassa aliandika "kati ya", hakuandika namba moja.